Kabla Hujajaza Friza: Ushauri kwa Watafiti wa Biolojia wa Goma

Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia Goma na umeme na maji vikakatika, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa onyo kuhusu maabara ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba na viumbe. Ndani yake mlihifadhiwa sampuli za vimelea hatari, virusi vya Ebola vikiwemo, na hofu ilikuwa kwamba vikitoka nje madhara yake hayatapimika. Maabara hiyo ilifunguliwa Februari 2021. Ilizaliwa na janga la Ebola la 2018 hadi 2020, lililoua zaidi ya watu 2,200 mashariki mwa nchi, ili majibu ya vipimo yapatikane hapahapa bila kusubiri ndege ya Kinshasa. Ni fahari ya mji huu, na fahari hiyo ilijikuta ikitegemea waya mmoja wa umeme na tangi la mazutu.

Sisi wa vyuo vikuu hatuhifadhi Ebola. Tunahifadhi kinyesi cha gorila, damu ya mbuzi, majani ya dawa za kienyeji, sambaza wa ziwani na bakteria wa maji ya kisima. Lakini umeme tunaoutumia ni uleule, maji ni yaleyale, na taka zetu zinaishia kwenye ardhi ileile ya mawe ya volkano. Ninawaandikia ninyi wanafunzi mnaoandaa memuari, maasistenti mnaoshika funguo za labo, na walimu mnaotia sahihi kwenye maombi ya fedha. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba kila sampuli ni deni. Siku unapoiweka ndani ya friza umeanza kuukopa mji umeme, maji na mahali pa kutupia taka, na deni hilo halifutiki kwa kusahauliwa. Utafiti wa biolojia utakaodumu Goma ni ule unaokopa kidogo.

Kazi hiyo huanza kwenye daftari, kabla hujashika glavu. Mwanafunzi huja kwa mwalimu wake na kusema anataka sampuli 300. Ukimuuliza kwa nini 300, husema fulani alichukua 300. Hesabu ya takwimu ikifanywa vizuri mwanzoni, mara nyingi huonyesha kwamba sampuli chache kuliko hizo zinatosha kujibu swali lake. Zile za ziada zitadai mirija, glavu, vimumunyisho na nafasi kwenye baridi kwa miaka. Anza na jaribio dogo. Kama unafanya PCR, jaribu mchanganyiko wa mikrolita 10 badala ya 25, kwani kwa vipimo vingi vya kawaida matokeo ni yaleyale, na kiti moja ya vitendanishi itakufikisha mbali zaidi. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe, kila chupa ya kitendanishi inapita mpakani kwa barabara na bei yake inapanda njiani. Kwa hiyo hata asiyejali mazingira ana sababu ya kunisikiliza hapa.

Sasa friza. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo umeme wetu unapoishia.

Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, hasa zile kuukuu tunazoletewa kama msaada, hula kilowati-saa 20 au zaidi kwa siku. Nyumba ya kawaida ya Ndosho au Majengo haifikii hapo hata kwa siku kadhaa. Jambo la kwanza la kufanya halina gharama yoyote: ipandishe hadi nyuzi 70 chini ya sifuri. Matumizi ya umeme yatashuka kwa karibu theluthi moja, na mashine itapumua, maana kompresa inayofanya kazi bila kupumzika ndiyo inayokufa mapema. Msiogope. Kwa miaka mingi nyuzi 70 ndiyo iliyokuwa kawaida ya labo duniani, na sampuli za wakati ule bado zinasomeka. Vyuo vingi vya Ulaya na Marekani vimekwisha kurudi huko.

Jambo la pili ni kutoa ndani ya friza hiyo kila kitu kisichoihitaji. DNA iliyokwisha kusafishwa inakaa vizuri kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Majani kwa ajili ya DNA yanataka tu kukaushwa haraka ndani ya punje za silika, kisha yakae kabatini. Damu inaweza kudondoshwa kwenye karatasi maalumu ya kuchuja, ikakauka, ikafungwa kwenye bahasha yenye kifuko cha silika. Samaki wakiwa kwenye ethanoli hawahitaji umeme hata kidogo. Katika labo nyingi, ukifanya upekuzi wa kweli, utabaki na bakteria waliohifadhiwa kwenye gliserini, RNA, na vitu vingine vichache vinavyostahili baridi ile kali.

Upekuzi wenyewe ufanyike hivi. Chagueni asubuhi moja yenye kuranti ya uhakika, watu watatu, sanduku la barafu na daftari. Toeni kisanduku kimoja kimoja. Mtakutana na vile vilivyoandikwa jina la mtu na namba tu, "Jean 2", na huyo Jean alimaliza memuari yake zamani na sasa yuko Kampala au Kinshasa. Mtakutana na mirija ambayo wino wake umefutwa na ethanoli na haijulikani tena ni nini. Sampuli isiyojulikana ilitoka wapi, lini, na kwa mnyama gani haina thamani ya kisayansi, hata kama ilichukuliwa kwa jasho kubwa. Iteketezwe kwa utaratibu. Kuanzia siku hiyo, kila mrija uwe na kipande cha karatasi ndani kilichoandikwa kwa penseli, kwa sababu ethanoli haifuti penseli, na kila kisanduku kiwe na tarehe ya kufa: siku ambayo mwenye nacho asipojitokeza, kinatolewa.

Baada ya hapo, tunzeni mashine. Vumbi jeusi la Goma huziba kichujio cha nyuma ya friza haraka kuliko mtengenezaji wa Ulaya anavyodhani, kwa hiyo kisafisheni kila mwezi. Friza isibanwe ukutani. Nafasi tupu ndani zijazwe chupa za maji, ambazo zikiganda zitashikilia baridi kwa masaa mengi kuranti ikikatika. Na kuranti ikikatika, mlango usifunguliwe kwa sababu yoyote, hata ya kuangalia kama bado kuna baridi. Muwe na kifaa cha kutuliza umeme, kwani kinachoua friza nyingi hapa ni mshtuko wa kuranti inaporudi kwa nguvu. Mkipata fedha za kununua mpya, ulizeni kwanza inatumia gesi gani ya kupozea. Zile zinazotumia propani na ethani hula umeme kidogo sana kuliko za zamani, na gesi zake hazipashi joto anga kama zile nyingine. Kwa vitendanishi vya nyuzi 2 hadi 8, friji za jua zilizobuniwa kwa ajili ya chanjo ni bora kuliko zote. Zinahifadhi baridi kwenye barafu badala ya betri, na kiwango kinachodaiwa kimataifa ni zikae siku 3 bila jua.

Maji yana hadithi yake. Chombo rahisi cha kutonesha maji hupoteza litra kumi na zaidi za maji ya kupozea ili kikupe litra moja safi. Katika mji ambao akina mama na watoto hubeba bidoni kutoka ziwani, na wengine hulipia maji yaliyosombwa kwa chukudu, kuyaacha maji hayo ya kupozea yaende kwenye sinki ni jambo la aibu. Unganisheni mpira kwenye pipa. Maji hayo hayajagusa kitu. Yafaa kuoshea vyombo kwa mara ya kwanza, kupigia deki, hata kurudishwa tena kwenye mzunguko yakipoa. Mjue pia kwamba maji ya Kivu yana madini mengi na pH yake inakaribia 9, kwa hiyo huacha utando mweupe kwenye vipasha joto, na kipasha joto chenye utando hula umeme zaidi. Siki au asidi ya limau kila baada ya wiki kadhaa huondoa utando huo. Mvua nayo msiiamini ovyo. Moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira huelekea zaidi magharibi, upande wa Rusayo na Sake, na mvua inayopita ndani yake hubeba asidi na floridi. Ioshee sakafu, usiitengenezee myeyuko wa kipimo.

Kuna kosa moja la otoklevu ambalo vitabu vilivyoandikwa pwani na nchi tambarare havikuambii. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi kama 95. Otoklevu ndogo isiyo na kipimajoto cha ndani, ile ya kusoma mshale wa shinikizo tu, ukiifikisha kwenye paundi 15 kama kitabu kinavyosema, ndani yake hamfiki nyuzi 121. Mnakuwa na kama 118. Vyombo vinatoka vikionekana safi, bakteria sugu wanabaki hai, vyakula vya kuoteshea vinaharibika, na kazi yote inarudiwa kwa maji mapya, umeme mpya na agari mpya. Ongezeni shinikizo hadi karibu paundi 17 na nusu, kama chombo chenu kinaruhusiwa na mtengenezaji kufika hapo. Kama hakiruhusiwi, ongezeni muda. Kisha hakikisheni kwa vipimo vya mbegu za Geobacillus stearothermophilus badala ya kuamini mshale. Tena msiwashe otoklevu kwa ajili ya chupa mbili. Pangeni siku mbili za wiki, kila mtu alete vyake, ijae.

Nifike kwenye taka, na hapa nina jambo la usalama ambalo ningeomba libandikwe ukutani katika kila labo.

Tangu Ebola, mkono wa kila mtu wa labo Goma huenda wenyewe kwenye javeli. Tumefundishwa vizuri: klorini ya asilimia 0.05 kwa mikono, 0.5 kwa meza na sakafu. Lakini kiti nyingi za kutoa DNA na RNA, hasa za virusi, zina chumvi za guanidini ndani ya ule myeyuko wa kwanza wa kupasua chembe. Javeli ikikutana na chumvi hizo hutoa gesi zenye sumu, miongoni mwake zile za jamii ya sianidi. Mwanafunzi mwenye nia njema anayemwaga javeli kwenye chupa ya masalio ya kiti ili "kuua virusi" anajihatarisha yeye na jirani yake. Masalio hayo yawe na bidoni yake, yenye mfuniko na maandishi makubwa, isiyoguswa na javeli, na mwisho wake uwe tanuri la joto kali. Kwa kupaka rangi DNA kwenye jeli, acheni ethidiamu bromaidi. Zipo rangi mbadala zisizo na hatari kubwa kiasi hicho, na labo ndogo haina uwezo wa kushughulikia masalio ya ile ya zamani.

Kwa nini nisisitize hivi? Kwa sababu ya ardhi tuliyokalia. Mnamo Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na Mei 2021 ikaja tena hadi viunga vya kaskazini. Sehemu kubwa ya Goma imejengwa juu ya mwamba uliojaa nyufa. Kuchimba shimo la maana ni kazi ngumu, na kinachomwagwa hakichujwi na udongo kama kwingineko. Kinapenya kwenye nyufa na kuteremka kuelekea Kivu, ziwa tunalokunywa. Formalini iliyomwagwa kwenye sinki la chuo asubuhi haina safari ndefu. Ikusanyeni. Na msiitumie pasipo lazima: samaki au chura akishakazwa kwa formalini, ahamishiwe kwenye ethanoli ya asilimia 70, na formalini ileile ikaze wengine.

Plastiki ndiyo taka yetu kubwa. Mwaka 2015 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walieleza kwamba idara yao yenye watafiti 280 ilitoa karibu tani 267 za plastiki kwa mwaka, wakakadiria kwamba labo za biolojia duniani hutoa tani milioni 5.5. Sisi hatutumii kiasi hicho, lakini Exeter wana magari ya kuja kuchukua taka. Hapa, plastiki inayotupwa ovyo huteremshwa na mvua hadi ziwani, ikasukumwa kusini hadi mdomo wa Ruzizi pale Bukavu, ikaziba mitambo ya bwawa la Ruzizi. Umeme wa shirika la SNEL unaokuja Goma unatoka huko. Kwa hiyo ncha ya pipeti inayotupwa Himbi ina nafasi yake, ndogo lakini ya kweli, katika kukatika kwa kuranti ya friza yetu wenyewe.

Kwa hiyo rudini kwenye kioo. Sahani za kioo za kuoteshea bakteria, zikioshwa na kupitishwa kwenye otoklevu, hudumu miaka. Pipeti za kioo vilevile. Visanduku vya ncha vijazwe upya kwa ncha zinazouzwa kwenye mifuko. Ncha za kupimia maji matupu au bafa zinaweza kutumika tena kwa kazi ileile. Zilizogusa sampuli, hapana. Kioo kinahitaji mwoshaji makini, na mwoshaji huyo anastahili mshahara na heshima ya fundi, kwani matokeo yenu yote yanapita mikononi mwake. Plastiki iliyochafuliwa na vimelea ichomwe kwenye tanuri la hospitali linalofika nyuzi 850 na zaidi. Kuichoma kwenye pipa nyuma ya jengo, hasa ikiwa na javeli au ni plastiki yenye klorini, ni kuwapelekea majirani dioksini. Kama chuo hakina tanuri, kiandikiane mkataba na hospitali iliyo nalo, na mkataba huo uwe na bei.

Uwandani mambo ni mazuri zaidi, maana huko tayari kuna mfano wa kazi isiyoumiza. Hesabu ya gorila wa milimani katika safu ya Virunga iliyofanywa mwaka 2015 na 2016 ilipata wanyama 604 bila kumdunga hata mmoja sindano: timu zilifuata viota vya usiku na kukusanya kinyesi, kisha DNA ikatofautisha mnyama mmoja na mwingine. Njia ya kuhifadhi kinyesi hicho, iliyoelezwa mwaka 2004, inamfaa hata mwanafunzi asiye na friji. Kilowekwe kwenye ethanoli kwa siku moja au zaidi, kisha kihamishiwe kwenye silika kikauke. Nunueni silika ya rangi ya chungwa. Ile ya buluu ina kobalti yenye sumu. Ikishanyonya unyevu, ikausheni kwenye oveni na muitumie tena. Mkikaribia wanyama wenyewe, barakoa ni lazima na umbali uwe mita 10, kwa sababu mafua yetu huwaua. Mwenye kikohozi abaki kambini Rumangabo siku hiyo, hata kama ndiye mkuu wa msafara.

Mimea isikaushwe kwa makala. Sehemu kubwa ya makala yanayouzwa Goma imekatwa ndani ya Hifadhi ya Virunga, na sioni namna mtu anavyoweza kuandika tasnifu juu ya miti ya hifadhi hiyo huku akiichoma ili kukausha majani yake. Jua na magazeti yanayobadilishwa kila siku yanatosha wakati wa kiangazi. Wakati wa mvua, lowanisheni magazeti kwa ethanoli, mfunge kwenye mfuko, na mimea itasubiri wiki kadhaa hadi mrudi mjini.

Wanaosoma samaki wana bahati. Sambaza waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hii wanateremshwa sokoni Kituku kila asubuhi. Hamna haja ya kutega nyavu zenu. Nendeni mapema, msalimieni mama muuzaji, mwelezeni mnafanya nini, mwombeni mpime beseni lake kabla hajaanza kuuza. Kwa ubao wa sentimita na mizani ndogo, kijana mmoja anaandika urefu na uzito huku mwenzake akirudisha samaki beseni, na wale samaki wanaendelea na safari yao ya sufuriani. Wachache tu mtakaowanunua kwa ajili ya tumbo na mayai ndio watakaoingia labo. Matokeo mkiyapata, rudini Kituku myaeleze kwa Kiswahili.

Upo mpango unaoitwa LEAF, ulioanzishwa na University College London (UCL), unaozipa labo daraja la shaba, fedha au dhahabu kwa kutunza mazingira. Usomeni, una mengi ya maana. Lakini umeandikiwa watu ambao kuranti yao haikatiki, na mpangilio wake wa nini kianze si wetu. Sisi tuanze na friza na bidoni ya masalio. Upande wa fedha, maombi yanayotoka Goma mara nyingi hutaja mashine na posho za uwandani, kisha yanakaa kimya juu ya mazutu, vipuri, mwoshaji wa vyombo na gharama za tanuri. Mwandikieni mfadhili waziwazi mistari hiyo minne na bei zake. Akitaka kuwapa mashine ya mtumba, mwulizeni inakula umeme kiasi gani, nani Goma, Kigali au Kampala anaweza kuitengeneza, na nani atalipa siku itakapokufa na kuwa taka. Asipokuwa na majibu, mshukuruni na mkatae.

Na ninyi walimu mnaosimamia memuari, pale mwanafunzi anapowaletea nakala ya mwisho, mdaini karatasi moja zaidi: orodha ya kila sampuli aliyoiacha, mahali ilipo, nani ameipokea kwa jina na sahihi, na tarehe itakayoteketezwa. Kemikali zilizobaki ziandikwe hapohapo. Asiye na karatasi hiyo, sahihi yenu isubiri hadi ailete.